Maua Yazaliwayo Chupani

Nimeombwa na Mhariri wa gazeti letu nieleze, kwa maneno mepesi, jambo ambalo wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza mara nyingi muhula huu: je, ni kweli kwamba maua yauzwayo Nairobi na Ulaya huzaliwa ndani ya chupa, bila mbegu wala udongo? Jibu langu ni kwamba kwa maua mengi ni kweli, ingawa si kwa yote. Na kwa kuwa jambo hili lahusu nchi yetu ya Ufipa kuliko wengi wadhanivyo, nimeona vema niandike kwa urefu kidogo, ili na wazazi wasome.

Maua ya uwandani kwetu

Yafaa kwanza tutazame miguuni petu. Uwanda wa Ufipa, ambao huwa mkavu na wenye rangi ya majivu kwa upepo na moto wa nyika tangu Juni, hubadilika mvua za Novemba zianzapo. Kuanzia Desemba hata Machi, mtu apandaye kutoka Sumbawanga kuelekea milima ya Mbizi, au ashikaye njia ya Matai au ya Laela, huona maua katikati ya nyasi. Wengi wetu huyapita bila kuyatazama, maana mtu hathamini akionacho kila siku.

Kati ya maua hayo nataka mkumbuke ya aina mbili. La kwanza ni gladiola wa mwituni, ambaye mabingwa humwita Gladiolus dalenii. Majani yake ni marefu kama panga, na maua yake, mekundu au ya manjano, hupangana juu ya shina moja. Ua hili huota katika sehemu nyingi za Afrika. Katika karne ya 19 watunza bustani wa Ubelgiji walilichanganya na ndugu zake watokao Afrika Kusini, na mahuluti yaliyopatikana ni chanzo kimojawapo cha gladiola wakubwa wauzwao leo katika maduka ya maua ya dunia nzima. Kwa hiyo mtu anunuapo gladiola London, amenunua mjukuu wa ua la Afrika.

La pili ni okidi. Okidi zetu nyingi ni za ardhini, kama Disa, Satyrium na Habenaria. Chini ya udongo kila moja huwa na kiazi kidogo, ambamo huweka akiba ya chakula cha kiangazi. Kiazi hicho ndicho kilichoiletea okidi balaa, nami nitakieleza baadaye.

Kipande huzaa kizima

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa kwamba kipande cha mmea chaweza kuzaa mmea mzima. Hukata kijiti cha muhogo akakichomeka ardhini. Hupanda marando ya viazi vitamu. Hung'oa chipukizi la mgomba akalihamisha. Mtoto azaliwaye hivyo hufanana na mama yake kwa kila kitu. Lakini mbegu si hivyo. Mbegu ni mchanganyiko wa baba na mama, na kama vile ndugu wa tumbo moja wasivyofanana, ndivyo na miche ya mbegu isivyofanana.

Sasa mfikirieni muuza maua. Mnunuzi wake hataki mashina elfu moja yenye rangi kumi. Ataka rangi moja, urefu mmoja, na yote yachanue kwa wakati mmoja. Basi muuza maua hapendi mbegu, apenda vipande. Walakini vipande navyo vina dosari mbili. Kwanza, huongezeka polepole. Tunguu moja la gladiola lipandwalo mwaka huu huacha moja au mawili makubwa mwishoni mwa msimu, pamoja na vitoto vidogo visivyotoa maua upesi. Pili, ugonjwa ulio katika mama humfuata mtoto. Mmeuona ugonjwa wa batobato katika mihogo: ukipanda kijiti kilichougua, shamba lako litaugua tangu siku ya kwanza. Virusi vya maua hufanya vivyo hivyo.

Njia ya chupa huyashinda mambo hayo mawili pamoja.

Njia hii ilivyopatikana

Mwili wa kila mmea umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo siku hizi twaziita seli. Mwaka 1902 bingwa mmoja wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alisema kwamba kila seli, ikipewa chakula na mahali pafaapo, yaweza kuwa mmea mzima, kwa sababu ndani yake mna maagizo yote ya kuujenga mmea huo. Alijaribu. Seli zake ziliishi na kunenepa, lakini hazikugawanyika hata moja. Wazo lilikuwa sahihi, ila chakula hakikutosha.

Wengine waliendelea. Mwaka 1939 Roger Gautheret na Pierre Nobécourt huko Ufaransa, na Philip White huko Marekani, walifaulu kulea tishu, yaani makundi ya seli za aina moja, chupani kwa muda mrefu bila kufa. Mwaka 1952 Wafaransa wawili, Georges Morel na Claude Martin, walichukua ncha ya chipukizi la ua la dalia lililougua virusi, ncha ndogo kuliko kichwa cha sindano, wakailea mpaka ikawa dalia isiyo na ugonjwa. Siri yake ni kwamba katika ncha kabisa ya chipukizi mishipa ya kupitishia utomvu haijajengeka, na seli zake hugawanyika upesi mno hata virusi haviwahi kuzifikia zote. Hivyo mama mgonjwa aliweza kuzaa mtoto mzima.

Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, huko Marekani, walionyesha jambo jingine kubwa. Mmea huongozwa na homoni za namna mbili. Auksini ikizidi, kipande hutoa mizizi. Saitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikilingana, hutokea donge lisilo na umbo. Mwaka 1960 Morel akatumia njia ya ncha kuzidisha okidi, na tangu hapo okidi, lililokuwa ua la matajiri, likaanza kushuka bei. Mwaka 1962 Toshio Murashige pamoja na Skoog walitangaza kipimo cha chakula ambacho hata leo hutumika katika maabara nyingi kupita chochote kingine.

Tena nataka vijana wa pwani waliomo shuleni mwetu wafurahi: kabla homoni hizo hazijajulikana vizuri, mabingwa walikuwa wakitia maji ya dafu katika chupa zao, kwa maana waliona kwamba huamsha seli zilizolala. F. C. Steward, aliyepata miche kutokana na seli za karoti mwaka 1958, aliyatumia. Sababu ni kwamba dafu lina saitokinini ya asili. Na walezi wa okidi hata sasa hutia ndizi mbivu iliyopondwa.

Kazi yenyewe

Sasa nitaeleza kazi ifanywavyo, hatua kwa hatua.

Kwanza ni kumchagua mama. Huchaguliwa mmea wenye afya, wenye shina lililonyooka na rangi inayotakiwa. Huwekwa mahali pasipo na mvua kwa majuma machache, na maji humwagwa udongoni tu, si juu ya majani, ili ukungu upungue.

Pili ni kusafisha, na hapa ndipo wengi hushindwa. Chipukizi huoshwa kwa sabuni, huchovywa katika spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, kisha hulazwa dakika 10 hivi katika maji yaliyotiwa dawa ya kung'arishia nguo, ile tuiitayo jiki. Mwisho husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa ndani ya chombo cha presha. Kukata hufanywa ndani ya kabati lipulizalo hewa iliyochujwa, kwa kisu na koleo vilivyopitishwa motoni. Mtu akiuliza kwa nini taabu yote hii, na amwulize mama yake habari za kibuyu cha maziwa kisichooshwa vizuri. Chakula cha chupani kina sukari. Vijidudu na ukungu hukipenda kuliko mmea ukipendavyo, nao hukua upesi mara nyingi kuliko mmea. Punje moja ya ukungu ikiingia, baada ya siku nne chupa imejaa manyoya.

Tatu ni chakula. Wazee wetu wa Ufipa walizika nyasi ndani ya matuta ya ntumba ili zioze na kuwa chakula cha mazao. Chupani hakuna ruhusa ya kuoza, kwa hiyo kila kitu hutiwa kikiwa tayari. Katika lita moja ya maji hutiwa chumvi za nitrojeni, potasi, fosforasi, chokaa, magnesi na chuma, na nyingine chache kwa kiasi kidogo sana, vitamini, gramu 30 za sukari, kwa sababu mche mchanga hauwezi kujitengenezea ya kutosha, homoni kidogo, na gramu 7 au 8 za agari, unga utokao katika mwani wa baharini, ambao hufanya maji yagande kama uji uliopoa. Uchachu wake hupimwa uwe 5.8. Kisha chupa hufungwa na kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 muda wa dakika 15 hadi 20. Joto hilo halipatikani katika sufuria ya kawaida, maana maji yachemkayo wazi hayapiti nyuzi 100, na kwetu juu uwandani huchemka hata kabla ya kufika hapo. Ndiyo sababu chombo cha presha ni cha lazima.

Nne ni kuzidisha. Kipande huwekwa chupani chenye saitokinini nyingi, katika chumba cha nyuzi 25 hivi, chini ya taa ziwakazo saa 16 kwa siku. Baada ya majuma manne hadi sita, badala ya chipukizi moja huwapo matatu, manne au zaidi. Hutenganishwa, na kila moja hupewa chupa yake, nayo yafanye kama mama yake alivyofanya.

Tano ni kutia mizizi. Idadi ikitosha, machipukizi huhamishiwa chakula chenye auksini, na mizizi hutoka. Kwa gladiola, sukari ikiongezwa, mche hufanya tunguu dogo mumo humo chupani, ambalo laweza kukaushwa na kuwekwa mpaka msimu wa kupanda.

Sita ni kuuzoeza mche maisha ya nje. Mche wa chupani ni kama mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba bila kuona jua. Ngozi ya majani yake haina nta ya kutosha, na matundu yake ya kupumulia hayajui kufunga. Ukiutoa mara moja katika upepo wetu wa Julai, utakauka kabla ya jioni. Basi huoshwa mizizi iondoke agari, hupandwa katika mchanga au udongo uliochomwa, hufunikwa karatasi ya nailoni yenye unyevu, na kila baada ya siku chache kifuniko hufunguliwa zaidi kidogo. Kazi hii huchukua majuma matatu au manne. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Hesabu yake

Watu wa hesabu na wachukue kalamu. Tuseme chipukizi moja hutoa matatu kila baada ya majuma matano. Baada ya mara ya kwanza ni 3, ya pili 9, ya tatu 27, ya nne 81, ya tano 243. Endeleeni hata mara ya kumi, yaani majuma 50, nanyi mtapata 59,049. Mwaka mmoja haujaisha, na tulianza na chipukizi moja.

Sasa tuseme mfanyakazi ni mchafu, na katika kila machipukizi matatu moja huharibiwa na ukungu. Yabaki mawili. Mara ya kumi atakuwa na machipukizi 1,024 tu. Tazameni tofauti hiyo. Haikuletwa na mashine wala fedha, bali na mikono iliyooshwa na mikono isiyooshwa. Ndiyo maana nasema kwamba katika kazi hii usafi wenyewe ni elimu.

Faida zake na hatari zake

Si kila ua la biashara hupitia chupani. Waridi, ambalo ndilo ua kuu la mashamba ya Naivasha nchini Kenya na la yale ya Arusha na Kilimanjaro kwetu, kwa kawaida huzidishwa kwa kubebesha jicho juu ya shina la waridi jingine, au kwa vipande, kwa maana njia hiyo ni rahisi na yatosha. Njia ya chupa hutumika zaidi kwa maua kama okidi na jabera, na kwa kusafisha mama wa kwanza wa maua yazidishwayo kwa vipande, kama kanesheni na krisantemu. Huko Uganda, karibu na Ziwa Victoria, yapo mashamba ambayo mali yake kubwa si maua, bali ni vipande vya krisantemu vipelekwavyo Ulaya vikapandwe huko. Mnunuzi hulipia usafi wa kipande kile.

Hapa Tanzania maabara za tishu zimeshughulikia zaidi mazao ya chakula na ya viwandani. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, inazo, kama ile ya Mikocheni, Dar es Salaam. Na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha kazi hii. Migomba, mihogo, viazi na mkonge vimeleewa chupani nchini mwetu. Jambo lililowezekana kwa mgomba laweza kuwezekana kwa ua.

Lakini ni lazima nitaje na hatari, ili msije mkadhani kwamba nauza dawa. Kwanza, maelfu ya miche itokayo kwa mama mmoja ni kama mtu mmoja aliyesimama mahali elfu. Ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua yote. Pili, chipukizi likizidishwa mara nyingi mno chupani, mara nyingine hubadilika tabia, ukapata ua la rangi usiyoitaka. Tatu, gharama. Umeme ukikatika usiku kucha, chumba hupoa au taa huzimika. Na kazi ya kukata kwa kisu, chipukizi moja moja, huhitaji watu wengi wenye subira. Nne, ua lililokatwa ni kama samaki mbichi: lisipopata ubaridi na soko la karibu, huoza mkononi mwa mwenye kulima.

Kwa sababu hiyo ya nne siwashauri wazazi waige Naivasha. Ni kweli Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na baridi yetu yafanana na ya huko. Lakini baridi peke yake si soko. Maoni yangu ni kwamba gladiola angetufaa zaidi. Tunguu lake hulala kiangazi, kwa hiyo halitaki kumwagiliwa miezi yote mikavu. Shina lake likikatwa maua ya chini yaanzapo kuonyesha rangi, hukaa juma zima likiendelea kuchanua. Tena wanunuzi wapo hapa hapa. Angalieni harusi zetu, makanisa yetu na makaburi yetu: twanunua maua ya plastiki yaliyovuka bahari, hali babu wa gladiola yuko nyikani nyuma ya nyumba.

Okidi zetu na chikanda

Sasa nafika kwenye kile kiazi cha okidi. Jirani zetu wa kaskazini ya Zambia, hasa Wabemba, tangu zamani hula chakula kiitwacho chikanda au kinaka. Viazi vya okidi hukaushwa, hutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikagandamana kama mkate. Kilikuwa chakula cha vijijini, kisha kikapendwa mijini, na okidi za Zambia zikapungua. Wafanyabiashara wakavuka mpaka kuja Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Watafiti waliochapisha habari hizi mwaka 2003 walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikipelekwa Zambia kutoka kwetu kila mwaka, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa hatarini. Mwaka 2005 Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukawa Hifadhi ya Taifa, na sababu yake kubwa ilikuwa maua yake. Ufipa hatuna Kitulo. Nyika zetu ziko wazi, na mpaka wa Kasesya uko karibu.

Mwenye kung'oa okidi hafanyi kama mwenye kuchuma embe. Kiazi kinonacho msimu huu ndicho kitakachotoa ua la msimu ujao. Ukikitwaa, umeutwaa mmea mzima. Wala simlaumu mzazi ambaye amelipia sare na daftari za mwanawe kwa debe la viazi hivyo. Nasema tu kwamba akiba hiyo yaliwa bila kurudishwa, na mwanawe hataikuta.

Je, mbegu hazitoshi kuurudisha uhai huo? Hapa kuna ajabu. Tunda moja la okidi lina mbegu maelfu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama punje ya hindi iliyo nayo. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi haioti isipokuwa ukungu fulani wa udongoni uiingie na kuilisha. Mbegu nyingi hukosa ukungu huo zikafa. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zaweza kuota bila ukungu, zikiwekwa chupani juu ya agari yenye sukari. Chupa imechukua nafasi ya ukungu.

Kwa hiyo okidi ina njia mbili za maabara, na yatupasa tujue ipi ni ya kazi gani. Kwa soko hufaa chipukizi, maana muuzaji ataka yote yafanane. Kwa kurudisha nyikani hufaa mbegu, maana nyika yataka watoto wasiofanana, ili ugonjwa au ukame ujapo, wengine wafe na wengine wabaki. Mwenye kurudisha nyikani maelfu ya ndugu wa chipukizi moja amejaza macho ya watu, lakini hajaijaza nyika.

Njia ya mbegu ina urahisi mmoja upendezao kwa shule. Tunda likichumwa bado bichi, kabla halijapasuka, ndani yake ni safi kabisa. Hutosha kulisafisha nje, kulichovya katika spiriti, kulipitisha motoni mara moja, kulipasua na kunyunyiza mbegu chupani. Taabu yake ni muda. Mbegu za okidi za ardhini huchukua majuma mengi au miezi kuota. Aina nyingine hukataa kabisa mpaka zipewe ukungu wake. Na miaka kadhaa hupita kabla ya ua la kwanza. Mtu wa Kidato cha Kwanza akianza, huenda ua likachanua yeye ameshamaliza shule.

Tufanye nini?

Naona mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, Chama cha Elimu ya Viumbe cha shule na kianze na gladiola, si okidi. Chombo cha presha, jiki, spiriti, sukari na chupa za jamu hupatikana mjini. Agari na chumvi ndizo za kuagiza. Badala ya kabati la hewa, sanduku la kioo lililofutwa kwa spiriti, lenye matundu mawili ya kuingizia mikono, hufaa kwa kujifunzia. Lakini spiriti na moto havikai pamoja bila mwalimu kuwapo.

La pili, kila chupa iandikwe tarehe, jina la mama na chakula kilichotiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chupa mia zisizo na majina ni sawa na chupa tupu.

La tatu, tusichukue okidi nyikani kwa kujitakia. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, na nchi yetu ni mwanachama. Yapendeza kujua kwamba mkataba huo huo huachilia vichipukizi vya okidi vilivyoleewa chupani na kusafirishwa ndani ya chupa safi, kwa kuwa mara nyingi havikuiba kitu nyikani. Chama kikitaka tunda moja la kujaribia, kiende kwanza kwa serikali ya kijiji na kwa Bwana Misitu, kichukue tunda tu, na kiazi kibaki ardhini.

La nne lawahusu wazazi. Mwanao akija likizo na kukuuliza ni wapi ulipoona okidi nyingi ulipokuwa kijana, mwonyeshe, na umweleze kama bado zipo. Hatuna kitabu chenye habari hizo kwa kila kilima cha Ufipa. Kitabu chake ni kumbukumbu zenu. Shule ikikusanya majibu ya vijiji ishirini, itajua ni wapi pa kulinda kwanza na ni wapi mbegu zitakapohitajika.

Maabara haiwezi kuumba ua lililokwisha kutoweka. Yaweza kulizidisha lililopo tu, na kwa hilo yahitaji angalau tunda moja bichi au chipukizi moja zima. Mvua zijazo, vijana, mtakapopita nyikani, yatazameni maua yenu kwa majina yake, na myaache yalipo.

Mwalimu wa Elimu ya Viumbe